Fedha za Safari: Zipi Hukatwa Kodi, na Zipi Hazikatwi

Wakulima wengi walio katika skimu za makazi ni waajiri, nao hawajui. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa kwa wakulima wadogo wadogo, Vyama vya Ushirika viliundwa katika skimu nyingi ili kuuza maziwa, pareto na mazao mengine. Ukiwa mwanachama wa chama cha namna hiyo, basi meneja, karani, dereva na mtumishi wa A.I. anayepandisha ng'ombe wako, wote ni watumishi wako. Mshahara wao hutoka katika maziwa yako. Nao wakikosewa hesabu ya kodi, deni hulipwa na chama, na fedha za chama ndizo fedha zako.

Kwa sababu hiyo somo la mwezi huu si la watu wa ofisini peke yao. Litakufaa ukiwa mwanachama unayesikiliza hesabu katika mkutano wa mwaka. Litakufaa zaidi ukiwa katika halmashauri ya chama. Na tena litamfaa mtoto wako aliyeajiriwa, ambaye kila mwezi huona fedha za nauli zikikatwa kodi asijue ni kwa nini.

Swali lenyewe ni hili: mtumishi akipewa fedha kwa ajili ya safari, je, fedha hizo ni mshahara au si mshahara? Zikiwa mshahara, ni lazima zikatwe ile kodi ya kila mwezi iitwayo PAYE. Zisipokuwa mshahara, hazikatwi hata senti moja.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya ilitungwa mwaka 1973 ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1974. Kabla ya hapo Kenya ilitumia sheria ya kodi ya mapato pamoja na nchi jirani za Afrika Mashariki. Sheria hii inasema kwamba mapato ya kazi si mshahara peke yake. Posho, marupurupu na faida nyingine anazopata mtumishi kwa sababu ya kazi yake, zote ni mapato, na zote huhesabiwa kodi.

Lakini sheria imefungua mlango mmoja. Ikiwa fedha za safari alizopewa mtumishi ni za kumrudishia kile tu alichotumia, na alikitumia chote kwa ajili ya kazi yake na si kwa jambo lingine lolote, basi fedha hizo haziingii katika hesabu ya mapato yake.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Karani akitoa Shs. 600/- mfukoni mwake kulipa nauli ya kupeleka hundi za chama benki, amekikopesha chama Shs. 600/-. Jioni chama kikimrudishia, kimelipa deni. Mtu aliyelipwa deni lake hakupata faida yoyote, na asiyepata faida hana cha kutozwa kodi. Lakini karani huyo huyo akipewa Shs. 6,000/- kila mwisho wa mwezi, asafiri asisafiri, hapo hakuna deni linalolipwa. Ameongezewa mshahara, hata kama karatasi imeandikwa "nauli".

Shika jambo hili moja, na mengine yote yatafuata: kurudishiwa ulichotumia ni kulipwa deni, kupewa fungu la kila mwezi ni kulipwa mshahara.

SAFARI ZA NAMNA NNE

Ya kwanza ni safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi. Hii si safari ya kazi. Mtumishi anayepanda matatu kila asubuhi kwenda ofisi ya chama hajaanza kazi; anakwenda kuianza. Nauli hiyo ni matumizi yake mwenyewe, kama chakula na kodi ya nyumba, na chama kikimlipia kwa fedha taslimu, fedha hizo ni mapato yake na zikatwe kodi. Haidhuru nyumba iwe karibu au mbali.

Jambo hili liliamuliwa zamani katika mahakama kuu ya rufani ya Uingereza, ambako maneno mengi ya sheria zetu za kodi yalitoka. Katika miaka ya 1920 mwanasheria mmoja aliyekaa London alikuwa pia hakimu katika mji wa Portsmouth. Alitaka nauli yake ya gari la moshi na gharama za hoteli zitolewe katika mapato yake kabla ya kutozwa kodi. Mahakama ilikataa. Ilisema kazi yake ya uhakimu ilianza alipofika Portsmouth. Kama alisafiri kutoka London, ni kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kukaa London.

Ya pili ni safari ya kutoka mahali pa kazi kwenda mahali pengine kwa ajili ya kazi. Meneja anatoka ofisini kwenda kukagua kituo cha kupokea maziwa. Karani anatoka Ol Kalou kwenda Nakuru kupeleka hesabu kwa mkaguzi. Mtumishi wa A.I. anatoka kwa mkulima mmoja kwenda kwa mwingine. Hizi ndizo safari za kazi hasa. Gharama zake zikirudishwa kama zilivyo, hazitozwi kodi.

Ya tatu ni safari iliyochanganywa. Karani ametumwa Nakuru kwa kazi ya chama, akamaliza saa sita, kisha akaendelea mpaka kwa dada yake akalala huko siku mbili. Nauli ya kwenda Nakuru na kurudi ni ya kazi. Nauli ya kutoka Nakuru kwenda kwa dada yake si ya kazi, wala chakula na malazi ya siku hizo mbili. Chama kikilipa yote, sehemu ya kazi haitozwi kodi, na sehemu ya kumtembelea dada ni mapato ya karani.

Ya nne ni ile ya mtumishi anayeitwa usiku. Ng'ombe ameshikwa na joto jioni, au anashindwa kuzaa, na mkulima anampigia simu mtumishi wa chama aliye nyumbani kwake. Je, hii ni safari ya kwenda kazini, au ni ya kazi? Mwaka 1969 mahakama hiyo hiyo ya Uingereza iliamua shauri la daktari mmoja wa Wales ambaye hospitali ilimpigia simu nyumbani wakati wa hatari. Alitoa maagizo kwa simu papo hapo, ndipo akaondoka kwa gari lake. Mahakimu walio wengi walisema kazi yake ilianza pale alipoinua simu, basi safari ile ilikuwa safari ya kazi. Uamuzi wa Uingereza si amri kwa mahakama zetu, nao unamhusu mtu ambaye wajibu wake huanzia nyumbani kwa kweli. Lakini unaonyesha ni kwa nini barua ya kuajiri mtumishi wa namna hii yapasa iseme waziwazi kwamba kazi yake ni pamoja na kuitwa wakati wowote, na kwamba huanza anapopokea mwito.

HESABU YA FUNGU LA KILA MWEZI

Tuchukue mtumishi ambaye mshahara wake ni Shs. 50,000/- kwa mwezi. Kwa viwango vilivyowekwa tarehe 1 Julai 2023, mapato yanayozidi Shs. 32,333/- kwa mwezi, mpaka Shs. 500,000/-, hutozwa 30 kwa mia. Mtumishi huyu akiongezewa fungu la Shs. 6,000/- kila mwezi kwa jina la nauli, kodi juu ya fungu hilo ni kama ifuatavyo, tukiacha makato mengine madogo:

Fungu la nauli: Shs. 6,000/-
Kodi, 30 kwa mia: Shs. 1,800/-
Analobaki nalo: Shs. 4,200/-

Kwa mwaka mzima kodi hiyo ni Shs. 21,600/-. Sasa ikiwa mtumishi huyu husafiri kweli kwa kazi na kutumia Shs. 6,000/- hizo zote, basi kila mwezi anatoa Shs. 1,800/- mfukoni mwake ili kukifanyia chama kazi. Hiyo ni hasara ya mtumishi. Nayo hutokana na kukosa daftari tu, maana fedha zile zile zikilipwa kwa kurudishiwa, kwa tarehe na kwa risiti, angebaki na Shs. 6,000/- kamili.

Tazama upande wa pili. Tuseme halmashauri ilitaka kumsaidia, ikaagiza fungu lilipwe bila ya kukatwa kodi. Hii ni hasara ya chama, na ni kubwa zaidi. Wajibu wa kukata PAYE ni wa mwajiri, na isipokatwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, yaani KRA, huidai kwa mwajiri. Chama chenye watumishi watatu wa namna hiyo kitadaiwa Shs. 64,800/- kwa mwaka mmoja. Ikiwa lita moja ya maziwa huuzwa kwa Shs. 50/-, hizo ni lita 1,296. Wakaguzi wa kodi wanaweza kurudi nyuma miaka mitano. Kwa miaka mitano deni ni Shs. 324,000/-, sawa na lita 6,480. Juu yake kuna adhabu ya kuchelewa kulipa, ambayo ni 5 kwa mia ya kodi, na riba ya 1 kwa mia kila mwezi. Hakuna mwanachama atakayeulizwa kama alijua.

MTUMISHI AKILALA NJE

Mtumishi akitumwa mbali na mahali pake pa kazi pa kila siku, na kulala huko au kushinda kwa kazi, ni taabu kukusanya risiti ya kila kikombe cha chai. Kwa hiyo sheria imeweka kiasi cha kila siku kinachohesabiwa kuwa ni kurudishiwa gharama, bila ya kudai risiti za kila kitu. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa Shs. 2,000/- kwa siku. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilikipandisha kikawa Shs. 10,000/- kwa siku, kuanzia tarehe 1 Julai 2025.

Mfano: meneja ametumwa kwenye mafunzo ya siku tatu, akapewa Shs. 8,000/- kwa siku. Kwa kiasi cha sasa, fedha zote Shs. 24,000/- hazitozwi kodi. Kwa kiasi cha zamani, Shs. 6,000/- za kila siku zingezidi, na bila ya risiti angetozwa kodi juu ya Shs. 18,000/-. Akipewa Shs. 12,000/- kwa siku, basi Shs. 2,000/- za kila siku zimezidi kiasi cha sasa, na ziada hiyo ni mapato yake, ila akionyesha kwa risiti kwamba aliitumia kwa kazi.

Angalia masharti yake. Ni lazima mtumishi awe nje ya mahali pake pa kazi pa kila siku, na awe amekwenda kwa kazi ya mwajiri. Karani anayekaa ofisini kwake mpaka jioni kwa sababu ya mkutano hakuwa nje. Fedha anazopewa kwa kukaa hapo ni mapato, hata zikiitwa posho ya safari. Mwandike mtumishi barua fupi ya kumtuma kabla hajaondoka, yenye siku za safari, mahali, na kazi yenyewe. Karatasi hiyo moja huzuia ubishi mwingi.

GARI NA PIKIPIKI

Mtumishi akitumia pikipiki au gari lake mwenyewe kwa kazi ya chama, gharama si petroli peke yake. Magurudumu huisha, mafuta ya injini hubadilishwa, na bima hulipwa. Ndiyo sababu waajiri wengi hulipa kwa kilomita, nao hufuata viwango vinavyotolewa na chama cha wenye magari cha AA. Malipo ya kilomita zilizosafiriwa kweli, na kuandikwa, ni kurudishiwa gharama. Malipo ya kilomita za kukisia, zile zile kila mwezi, ni fungu tu lililovalishwa nguo nyingine.

Gari la chama lina hatari yake. Ikiwa meneja huchukua pikapu ya chama nyumbani na kuitumia kwa mambo yake, sheria huihesabu kuwa faida aliyopewa. Kipimo kimoja cha faida hiyo ni 2 kwa mia ya bei ya kununulia gari, kila mwezi. Pikapu iliyonunuliwa kwa Shs. 1,500,000/- ni faida ya Shs. 30,000/- kwa mwezi, na kwa mtu wa daraja la 30 kwa mia kodi yake ni Shs. 9,000/- kila mwezi. Ikiwa matumizi yake binafsi ni machache, Kamishna anaweza kukubali kiasi kidogo zaidi. Lakini atataka kuona daftari la gari. Njia iliyo salama ni gari lilale kwenye uwanja wa chama, na ufunguo ubaki ofisini.

DAFTARI LA SAFARI

Chama hakihitaji mtaalamu ili kushika mambo haya. Kinahitaji daftari moja kwa kila mtumishi anayesafiri, lenye nafasi saba:

1. Tarehe.
2. Ametoka wapi.
3. Amekwenda wapi.
4. Kwa kazi gani.
5. Kilomita, kwa kusoma saa ya gari wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi. Au nauli aliyolipa.
6. Namba ya risiti.
7. Sahihi ya mtumishi, na ya aliyemtuma.

Nafasi ya nne ndiyo inayosahauliwa sana, na ndiyo inayotazamwa kwanza. Kuandika "Nakuru" hakutoshi. Andika "Nakuru, kupeleka sampuli za maziwa". Vivyo hivyo ujumbe wa M-Pesa huonyesha kwamba fedha zimelipwa, lakini hausemi safari ilikuwa ya nini. Uandike pamoja na daftari, si badala ya daftari.

Unaponunua petroli, omba risiti ya eTIMS yenye PIN ya chama. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama za biashara zisizo na hati ya namna hiyo hazikubaliwi katika hesabu ya kodi ya chama, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Pale mtumishi anapopanda matatu au bodaboda bila kupata risiti, ajaze vocha siku hiyo hiyo na aliyemtuma atie sahihi. Vocha iliyojazwa mwisho wa mwezi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja haimdanganyi mkaguzi.

Madaftari na risiti ziwekwe miaka mitano, mahali pakavu, mbali na panya.

NA WEWE MTOTO WA MKULIMA ULIYEAJIRIWA

Usingoje mpaka kuandika ritani yako, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, ndipo ukumbuke gharama zako za safari. Njia iliyo wazi kwa mtumishi ni kurudishiwa na mwajiri wakati wa safari. Soma karatasi yako ya mshahara. Ikiwa kuna mstari wa nauli ya kila mwezi uliokatwa kodi, nawe husafiri kweli kwa kazi ya mwajiri, nenda kwa mhasibu kwa adabu umwombe sehemu hiyo ilipwe kwa daftari na risiti. Mwajiri hapotezi kitu. Tena, tangu Julai 2025 sheria humtaka mwajiri ahesabu nafuu na misamaha yote inayomstahili mtumishi anapokata PAYE. Lakini usiombe nauli ya kwenda kazini ibadilishwe jina. Hiyo itabaki kuwa yako, na kodi yake itabaki kuwa yako.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya pamoja katika mkutano wa halmashauri, kabla ya kutazama majibu.

1. Dereva wa lori la maziwa hulipwa Shs. 200/- kwa siku kwa nauli ya kutoka kwake mpaka ofisi ya chama. Je, zikatwe kodi?

2. Mpokeaji wa maziwa amehamishwa kwa siku moja kusaidia kituo kingine. Ametoka ofisini, akalipa nauli Shs. 300/- kwenda na kurudi, akajaza vocha, akarudishiwa Shs. 300/-. Je?

3. Meneja hupewa Shs. 10,000/- kila mwezi kwa petroli ya gari lake. Haandiki kilomita, wala haleti risiti. Je?

4. Karani amelala siku mbili Nairobi kwa kazi ya chama, akiwa na barua ya kutumwa, akapewa Shs. 9,000/- kwa siku. Je?

Majibu: (1) Zikatwe, ni safari ya kwenda kazini. (2) Zisikatwe, amelipwa deni lake. (3) Zikatwe zote, hata kama alisafiri kwa kazi, kwa maana hakuna kinachoonyesha hivyo. (4) Zisikatwe, hazikuzidi kiasi cha siku, naye alikuwa nje ya mahali pake pa kazi.

Katika mkutano mkuu ujao, mweka hazina atakaposoma mstari wa "gharama za safari", inua mkono uulize maswali mawili: je, fedha hizi zililipwa kwa daftari au kwa fungu? Na kama ni kwa fungu, PAYE ilikatwa? Kuuliza hivyo si kumshuku mtu. Ni kulinda maziwa yako, na pia mshahara wa mtumishi anayekufanyia kazi kwa uaminifu.